Maneno Yasiyopitia Kamatini: Riwaya za Ben R. Mtobwa na Msamiati wa Vijana

Katika kurasa za majarida yetu ya lugha tumezoea kulizungumzia neno jipya kana kwamba lina njia moja tu ya kuzaliwa. Wataalamu huketi, hulipendekeza, hulijadili na kulisanifu, kisha huliingiza katika orodha inayopelekwa maofisini na mashuleni. Njia hiyo ni halali, na Taifa lina deni kwa wote walioifuata tangu Baraza la Kiswahili lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Bila vijitabu vya Tafsiri Sanifu, mtumishi wa serikali wa miaka ya 1970 asingejua aviite nini nusu ya vyeo na vifaa vilivyokuwa mbele ya macho yake. Hata hivyo, kila aliyepata kufundisha au kufasiri anajua kwamba yako maneno yaliyosanifiwa kwa uangalifu mkubwa ambayo hayajapata kusikika nje ya orodha yake, na yako mengine ambayo hayakupitia kamati yoyote, lakini mtoto wa darasa la saba huyatumia bila kukosea. Makala haya yanakusudia kumtazama mwandishi mmoja aliyekuwa mlango wa maneno ya aina hiyo ya pili, marehemu Ben R. Mtobwa, na kuuliza ni kitu gani alikifanyia Kiswahili cha vijana, na ni kitu gani hakukifanya.

Mtobwa alizaliwa mkoani Kigoma mwaka 1958 na kufariki dunia mwaka 2008. Itakumbukwa kwamba miaka 100 kamili kabla ya kuzaliwa kwake, mnamo Februari 1858, Burton na Speke walifika Ujiji wakiwa hoi kwa homa, na huko mwisho wa njia ya misafara wakakuta mji uliokwisha kuzoea biashara ya watu wa pwani na lugha yao. Kiswahili, basi, hakikufika kando ya Ziwa Tanganyika kwa treni wala kwa shule. Treni ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa kufika huko, badala ya Ujiji, ikauhamisha uzito wa biashara kutoka mji wa kale hadi bandari mpya. Lugha haikuhama. Iliendelea kusemwa na Wamanyema wa Ujiji, na wachuuzi wa samaki, na mabaharia wa meli zinazovuka kwenda Kongo na Burundi, na Waha waliotoka milimani na Kiha chao wakikutana sokoni na mtu asiyekijua. Ni Kiswahili kilichojifunzwa kwa haja ya kuelewana, chenye sarufi iliyonyooka na mapambo machache.

Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu naamini limo katika nathari ya Mtobwa. Sentensi zake ni fupi, mazungumzo yake hayazunguki, na neno analolichagua mara nyingi ni lile ambalo msomaji wa Songea na msomaji wa Bukoba wote wanalo tayari. Tukimlinganisha na Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, tofauti inadhihirika mara moja. Abdulla anaandika Kiswahili cha Unguja chenye utajiri wa nyumbani. Msomaji wa bara hufurahi, lakini hulazimika kusimama njiani kuuliza. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alileta upelelezi bara na kumkabidhi Inspekta Wingo. Elvis Musiba naye akamtoa Willy Gamba, jasusi wa serikali, katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Mtobwa alipoanza kuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuta uwanja umekwisha kufyekwa. Alichoongeza ni kasi, pamoja na lugha ambayo haikumtaka msomaji wake awe amezaliwa mahali fulani.

Wakati wenyewe ulimsaidia. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulikuwa umeanza mwaka 1977, na kampeni za kufuta ujinga ziliifikisha nchi, kwa hesabu za mwaka 1986, kwenye watu wazima wapatao 90 katika kila 100 wajuao kusoma. Waliomaliza darasa la saba wakarudi nyumbani wakiwa na uwezo wa kusoma na bila kitu cha kusoma. Vitabu vya watoto walikuwa wamevipita, riwaya nzito zilizokuwa zikisomwa vyuo vikuu hazikuwafikia, na karatasi ilikuwa adimu. Katika pengo hilo ndimo kilimoingia kitabu chembamba chenye jalada la rangi kali, kilichopita mikono hamsini hata jalada likabaki la gazeti.

Shujaa wake mkuu, kama ijulikanavyo, ni Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea. Pembeni yake yuko Nuru, msichana anayeshirikiana naye katika hatari, na mbele yake, mara akimsaidia mara akimkemea, yuko Inspekta Kombora wa polisi. Naomba msomaji ayatazame majina haya kwa jicho la mtunga kamusi. Kiango ni kifaa cha kuwekea au kutundikia taa. Nuru ni kile kitokacho katika taa. Kombora ni neno la zamani la zana ya vita, lililokuwamo katika lugha yetu kabla roketi hazijabuniwa, ambalo karne ya ishirini ilipotuletea silaha mpya lilikuwa tayari kuzipokea. Iwe mwandishi aliyapanga hivyo au yalijipanga yenyewe, watu watatu wanasimama kama ukurasa mdogo wa kamusi: mmoja anayeshika taa, mmoja anayeng'aa, na mmoja anayelipuka. Vijana waliokuwa hawajapata kukiona kiango, kwa kuwa nyumbani kwao kulikuwa na koroboi tu, walilibeba neno hilo kama jina la mtu. Ama Joram, Biblia ya Kiswahili humwita mfalme huyo Yoramu. Kwamba kijana wa Kitanzania wa miaka ya 1980 alijiandika kwa J na kuishia na konsonanti ni habari ya tahajia ambayo majina yetu mengi yanatusimulia, na si lazima tuilalamikie hapa.

Yafaa tuvitazame vichwa vya riwaya zake kimoja kimoja, maana wapo wengi waliovijua vichwa hivyo bila kuvisoma vitabu vyenyewe, na kichwa cha kitabu ni sentensi inayosomwa na wengi kuliko sentensi nyingine yoyote iliyomo.

Lazima Ufe Joram. Mwalimu yeyote wa Kiswahili ameandika kwa wino mwekundu mara zisizo na idadi juu ya sentensi za namna ya "lazima utakwenda". Neno lazima hutaka kitenzi kiishie na -e, na kitenzi chenye silabi moja hudondosha ku- yake hapo: ufe, ule, unywe. Kanuni hiyo huchukua kipindi kizima kufafanuliwa ubaoni, na nusu ya darasa husahau kabla ya kengele. Kichwa cha Mtobwa kiliifundisha kwa maneno matatu, tena kwa vitisho. Sijapata kumsikia kijana akikitaja kitabu hicho kwa kukosea.

Najisikia Kuua Tena ni kesi ngumu zaidi, na hapa wapenzi wa usanifu watakuwa na la kusema. Kuna waliodai kwamba muundo huu ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, na kwamba Mswahili angesema "nina hamu ya kuua" au "moyo wanituma kuua". Dai hilo lina sehemu ya kweli. Lakini Kiswahili tangu kale kimekitumia kitenzi cha kusikia kwa mambo ya mwili: mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia usingizi, husikia uchungu. Kujisikia vibaya kumekubalika kwa wote. Kutoka hapo hadi kujisikia kufanya jambo ni hatua moja tu, na naona mwandishi alikuwa na haki ya kuipiga. Tena liko jambo jingine ambalo walalamikaji hawakulitaja. Katika mazungumzo ya kila siku, anayejisikia ni mwenye majivuno. Muuaji anayesema "najisikia" anatoa maana mbili kwa pumzi moja: ana hamu, na anajiona. "Nina hamu ya kuua tena" ni sentensi sahihi isiyo na majivuno hayo, na kwa hiyo haitishi. Mfasiri atakayeipeleka katika lugha nyingine ataipata nusu moja na kuipoteza nusu ya pili.

Salamu Toka Kuzimu inazusha suala dogo la toka na kutoka, ambalo magazeti yameliamua kwa upande wa ufupi na walimu kwa upande wa urefu, na sina haja ya kuingia kati. Neno la thamani hapo ni kuzimu. Mwandishi angeweza kuandika motoni, au jahanamu, na msomaji wa msikiti au wa kanisa angemwelewa. Alichagua neno la Kibantu lenye ndugu zake mzimu na wazimu, yaani mahali pa wafu ambapo dini zilizokuja baadaye zilipakuta. Salamu kutoka jahanamu zingetoka kwa waliohukumiwa. Salamu za kuzimu zinatoka kwa waliotutangulia, na hizo hutisha kwa namna nyingine.

Mikononi mwa Nunda inakwenda mbali zaidi. Nunda ni yule paka wa hadithi ya Sultani Majinuni, iliyomo katika mkusanyo wa Edward Steere wa mwaka 1870, aliyeanza kwa kula kuku na mifugo ya watu huku Sultani akimtetea kwa kuwa ni paka wake, hadi alipokuwa mla watu na kuuawa na mwana mdogo wa Sultani mwenyewe. Kamusi hutoa maana ya mnyama mkali, au mtu katili. Anayeijua hadithi anaona zaidi: nunda ni uovu uliolelewa nyumbani na mwenye mamlaka. Kwa riwaya ya uhalifu sioni neno ambalo lingefaa kuliko hilo, na ni faraja kuona kwamba katika fasihi tuliyoidharau kuwa ya kuigiza sinema za kigeni ndimo neno la ngano zetu lilimohifadhiwa. Roho ya Paka nayo inasimama juu ya msemo ambao kila mtoto anaujua, kwamba paka hafi upesi.

Tukifika Tutarudi na Roho Zetu, tunatoka katika vichwa na kuingia katika siasa. Adui wa riwaya hiyo ni utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, na hatari inayozikabili nchi zilizo mstari wa mbele ni silaha ya siri. Istilahi za ukombozi zilikuwa tayari hewani. Redio ilizitangaza kila jioni, na pale Mazimbu, Morogoro, wakimbizi wa chama cha ANC walikuwa na shule yao tangu mwaka 1978. Lakini redio husema "nchi zilizo mstari wa mbele" kama jina la mkutano. Riwaya ilimfanya kijana aone kwamba mstari wa mbele ni mahali ambapo jengo linaweza kuungua na yeye yumo ndani. Katika kichwa hicho tazama pia neno roho. Tuna uhai, tuna maisha, tuna nafsi, na hakuna hata moja ambalo lingekaa hapo. Aliyerudi na roho yake amerudi na pumzi tu. Mengine yote ameyaacha huko.

Sasa tuyageukie maneno ya kazi yenyewe ya upelelezi, ambayo ni eneo la istilahi hasa. Wakubwa wetu walikuwa na askari kanzu, yaani polisi asiyevaa sare. Lilikuwa neno zuri mno kwa mji kama Ujiji, ambako siku ya Ijumaa polisi aliyevaa kanzu angepotea kabisa katika umati. Katika Dar es Salaam ya suti na mikoba, kanzu haimfichi mtu, na neno limerudi nyuma taratibu. Mpelelezi limetokana na kitenzi chetu wenyewe cha kupeleleza, na limebaki jina la jumla. Jasusi limetoka Kiarabu na kubaki na harufu ya ugeni: jasusi ni wa nchi nyingine, au ni wetu anapokuwa nchi nyingine. Kachero limetoka mitaani na kuingia magazetini. Hakuna waraka uliowahi kutolewa kutenga maana za maneno haya manne, na hata hivyo msomaji wa riwaya hizi huyatenga barabara, kwa kuwa ameyakuta mara mia kila moja mahali pake. Ndivyo ilivyo pia kwa kiwambo. Neno hilo ni la ngozi iliyowambwa juu ya ngoma ili itoe sauti. Waandishi wa riwaya za upelelezi wakalitia kwenye mdomo wa bastola ili kuizuia sauti. Mtaalamu angeweza kulikataa kwa hoja hiyo hiyo, kwamba kazi imegeuzwa, na wasomaji wangeendelea kulitumia bila kusikia habari zake.

Kwa hayo yote, tusimfunge Mtobwa katika upelelezi. Dar es Salaam Usiku, iliyotoka mwaka 1990, haina Joram. Ni riwaya ya jiji, ya fedha na miili na watu wanaokutana pale tu taa zinapowashwa, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yake iliyokomaa kuliko zote, kwa sababu humo hakuna shujaa wa kuja kusuluhisha. Zawadi ya Ushindi inasimama juu ya vita vya mwaka 1978 na 1979 kati ya nchi yetu na Uganda ya Idi Amin, na uchungu wake umo katika neno zawadi: ushindi ni wa Taifa, lakini askari mmoja mmoja anarudi na nini? Malaika wa Shetani ina kichwa kinachojipinga chenyewe. Mtu mmoja, basi, aliandika upelelezi, ujasusi, maisha ya jiji na vita, akahariri, na akawa mchapishaji chini ya jina la Heko. Ni kampuni hiyo ya Heko iliyochapisha Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo, riwaya ambayo kwa miaka mingi ilikuwa katika orodha ya vitabu vya sekondari. Neno hilo lenyewe, lililozaliwa kwa njaa ya kibarua anayemwambia mama muuza chakula "mama, nitilie", halikutungwa na kamati, na leo lipo hata katika hotuba rasmi.

Hapa pana kinyume kinachofaa kutafakariwa. Kitabu alichokichapisha kilisomwa darasani kwa idhini, na vitabu alivyoviandika vilisomwa chini ya dawati kwa hofu. Nakubali kwamba hofu hiyo ilikuwa na sababu. Damu katika riwaya za Joram ni nyingi na inasahaulika haraka. Nuru, mwenye akili na ujasiri, anaelezwa uzuri wake mara nyingi kuliko mawazo yake, na wanawake wengine hawapati hata nafasi yake. Miji ya kigeni inapita kama picha za kalenda. Bahati humwokoa shujaa mahali ambapo akili ingemwokoa kwa heshima zaidi. Mhakiki asiyesema haya atakuwa hakumtendea haki mwandishi, maana mwandishi wa Dar es Salaam Usiku alikuwa na uwezo wa kuyaepuka.

Lakini adhabu tuliyompa ilipita kosa. Tulimtungia jina. Tuliziita kazi za namna hii fasihi pendwa, na upande wa pili tukaweka fasihi ya dhati. Tuitazame jozi hii. Pendwa ni sifa ya kupendwa na watu, na kwa kawaida kupendwa si aibu. Ikiwekwa mbele ya dhati, hata hivyo, inageuka kuwa tuhuma: kilichopendwa si cha kweli. Istilahi nzuri hutaja kitu. Istilahi hii inakihukumu kabla hakijasomwa, na mwanafunzi wa chuo anayeipokea hupokea hukumu pamoja nayo. Wala hatukuwahi kutunga jina la kudumu kwa msomaji mwenyewe. Tuna fasihi ya watoto, na juhudi za Mradi wa Vitabu vya Watoto tangu mwaka 1991 zimeipa mwili. Tuna fasihi ya watu wazima. Aliye katikati tunamwita kijana, neno ambalo katika sera zetu linamchukua mwenye miaka 15 pamoja na mwenye 35, kwa hiyo halimsaidii mkutubi anayepanga rafu. Wakati hatimaye kundi la wasomaji wa katikati lilipotambuliwa rasmi nchini kwa tuzo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, Tuzo ya Burt ilitolewa Tanzania kwa hadithi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Tuzo hiyo ilizaa vitabu vyema, na sina neno dhidi yake. Nasema tu kwamba msomaji ambaye Mtobwa alimjenga kwa Kiswahili alipopata jina, alilipata katika lugha nyingine.

Nimesema mwanzoni kwamba tutauliza pia kile ambacho Mtobwa hakukifanya. Niliwahi kufundisha Kiswahili katika shule moja mkoani Kigoma. Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha mbili. Ya kwanza ilikuwa kisa cha uhalifu. Waliandika kwa ukurasa na nusu bila kuinua kalamu, na Kiswahili chao kilikuwa cha kupendeza: bastola, mshukiwa, kiwambo, upekuzi, kila neno mahali pake, na vitenzi vyao vilikimbia. Nilijua vilikotoka. Insha ya pili ilikuwa juu ya usiku wa uvuvi wa dagaa, jambo ambalo wengi wao walilifanya pamoja na baba zao na kaka zao Kibirizi na Katonga. Kalamu zilikwama. Wanafunzi wale wale waliandika sentensi nne au tano, wakafuta, wakauliza kama neno fulani "ni Kiswahili".

Maneno waliyoyaulizia yalikuwa maneno ya ziwa. Mgebuka, kuhe, na lusenga, yaani ule wavu wa mfuko wenye mpini mrefu ambao mvuvi huuzamisha kando ya mtumbwi pale dagaa wanapokusanyika chini ya mwanga. Hata karabai, lililomo katika kamusi zetu, walilishuku. Walijua kwamba mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi hawaendi, kwa sababu dagaa hawaifuati taa, na kwamba giza la mwezi ndilo msimu wa fedha. Hawakuwa wamewahi kuyasoma hayo popote, na kwa kuwa hawakuyasoma, waliyadhani si ya lugha wanayofundishwa. Kumbe kando ya Ziwa Tanganyika mkoa mzima ulikuwa umekaa juu ya msamiati wa taa, vyombo, samaki na usiku usiopungua ule wa upelelezi, na kijana wa Kigoma aliyekuwa na kalamu yenye nguvu kuliko zote za rika lake alikuwa amepanda treni na kuiandika Dar es Salaam.

Simlaumu. Mwandishi huenda mahali moto wake ulipo, na mchapishaji wa wakati ule asingenunua muswada juu ya wavu. Lakini riwaya zake zilizosomwa kupita zote zinakaa jijini na katika miji ya nje, na matokeo yake yanaonekana katika kamusi na katika tafsiri. Chukua neno dagaa lenyewe. Samaki anayeitwa hivyo Kigoma ni wa ukoo wa samaki wa bahari, na yule anayeitwa hivyo Mwanza ni wa ukoo mwingine kabisa. Lugha ya kawaida huwatenganisha kwa kutaja mji, na wafanyabiashara huwatenganisha kwa bei. Mfasiri wa kanuni za uvuvi au wa taarifa ya afya hukutana na neno moja tu, na asipokuwa mwenyeji hukosea. Ng'ambo ya pili, Burundi, husema ndagala. Riwaya moja ya vijana iliyowekwa Ujiji, yenye mhalifu anayesafirishwa usiku kwa mtumbwi kati ya taa za wavuvi, ingeyamaliza mambo haya yote kwa sura mbili, na msomaji wa Tanga angejua lusenga ni nini kama anavyojua kiwambo.

Wakusanyaji wa msamiati wakifika huko, wafike wakati wa giza la mwezi, wakae Kibirizi hadi vyombo vinaporudi alfajiri, na wasianze kwa kuuliza majina ya vitu. Wawaombe wavuvi wasimulie usiku ulivyokwenda. Ama katika orodha za mifano ya matumizi, ambazo hadi sasa zinachotwa zaidi katika vitabu vya dhati, nashauri kadi za Mtobwa ziwemo, kuanzia na kitomeo cha kujisikia, ambacho kinahitaji maana zake zote mbili.

Yule mwanafunzi aliyethubutu kuandika lusenga katika insha yake aliliweka ndani ya alama za kunukuu, na chini yake akaandika kwa herufi ndogo kwamba anaomba radhi kwa kuwa hakujua Kiswahili chake. Nililipigia mstari mwekundu, nikaandika "wavu" juu yake, na kumpunguzia alama mbili.